Vazi au Kovu

Mtu anapotaka kumwingiza mwenzake mahali pasipokubaliana na umbile lake, ana njia mbili. Ya kwanza ni kumgeuza mwenzake huyo mpaka afanane na mahali. Ya pili ni kumwacha kama alivyo na kumpa kinga, akakaa ndani yake kama mtu akaavyo ndani ya vazi. Njia zote mbili huitwa msaada. Ni ipi iliyo msaada wa kweli, na ni ipi iliyo dhuluma yenye jina zuri, ni swali la zamani. Wazazi hugombana juu yake, na serikali nyingi zimekosea katika kulijibu. Aghalabu hujibiwa kwa hasira, maana kila ajibuye ama amesaidiwa ama amesaidia, naye huutetea upande wake.

Yafaa basi swali hili lipelekwe kwanza mahali pasipo na wa kujitetea: katika chupa ya kioo yenye maji, ambamo wanakemia wa siku hizi hushindana na unga mweusi usiotaka kuchanganyika.

Unga huo ni mirija ya kaboni. Kaboni ni kitu kile kile kilichomo katika makaa, katika kalamu ya risasi na katika almasi. Lakini hapa atomu zake zimepangika kama wavu wenye matundu ya pembe sita, na wavu umeviringwa kama mkeka. Radushkevich na Lukyanovich wa Umoja wa Sovieti walichapisha picha za nyuzi za kaboni zenye uwazi ndani mwaka 1952, na dunia haikuziangalia sana. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza umbo la mirija hiyo, na safari hii dunia ikasikia. Miaka miwili baadaye ilipatikana mirija yenye ukuta mmoja tu. Upana wa mmoja wao ni karibu nanomita 1, yaani sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Juu ya upana wa unywele mmoja wa binadamu yaweza kupangwa bega kwa bega mirija makumi ya maelfu. Ukivutwa, ukaidi wake hukaribia mara tano ya feleji. Hupitisha joto na umeme kwa namna ambayo vitu vingi vya dunia haviwezi. Mtu asomaye sifa hizi hudhani kwamba kilichobaki ni kuichota na kuitumia.

Walioichota walikuta mambo mengine. Walipoitia majini, ilielea au ilizama kama masizi yaliyokwanguliwa chini ya sufuria. Walipoitia katika vileo na mafuta, ilifanya mabonge. Kila atomu ya mrija huivuta atomu ya mrija wa jirani kwa nguvu ndogo mno, lakini mirija miwili ikilala sambamba, atomu zinazokabiliana ni nyingi, na udogo ukijumlishwa huwa ukubwa. Kwa kila mikromita moja ya kugusana, nishati inayohitajika kuitenga hufika karibu elektronivolti 500. Mtikisiko wa joto la kawaida la chumba ni sehemu moja tu katika 20,000 ya kiasi hicho. Kwa hiyo mirija hujifunga matita, na matita husokotana kama nywele zisizopata kitana.

Wazee walisema kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Ndani ya tita hili methali hupata taabu. Mrija ulio katikati ya tita haushiki kitu chochote ila mirija wenzake. Tita likivutwa, mirija huteleza mmoja juu ya mwingine, na tita zima huwa dhaifu kuliko mrija mmoja. Hata nuru hupotea. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, walionyesha kwamba mirija ya namna fulani, kila mmoja ukiwa peke yake ndani ya maji ya sabuni, hutoa nuru isiyoonekana kwa macho ya binadamu, ambayo vyombo huiona. Ikirudi katika tita, nuru huzimwa na majirani. Mirija hiyo ilikuwa na nuru tangu mwanzo. Haikuweza kuitoa mbele ya jamaa zake.

Methali haikusema uwongo. Ilisemwa juu ya watu waliopatana kufanya kazi, kama wavuvi wanaovuta jarife moja. Haikusemwa juu ya wanaoshikamana kwa sababu tu wamefanana, wasio na kazi ya kufanya pamoja ila kushikamana. Aina hizi mbili za umoja zinaonekana sawa kwa mtu apitaye mbali, na viongozi wengi wamefaidi kutokana na mfanano huo.

Haja ya kutenga, basi, ni ya haki. Taabu iko katika namna. Chombo cha kwanza ni sauti: mawimbi yenye kasi ipitayo sikio la binadamu hupelekwa ndani ya chupa, na maji hufanya viputo vinavyozaliwa na kupasuka kwa ukali mkubwa. Mipasuko hiyo huzifunua ncha za matita. Lakini sauti ikizimwa, mirija hurudiana. Na sauti ikiachwa ipige mno, mirija hukatika vipande. Ukali peke yake una uwezo wa kutenga kwa dakika chache au kuharibu kabisa. Kinachohitajika ni kitu cha kuingia katika ule mwanya mara ufunukapo na kukaa hapo. Hapo ndipo njia mbili zinapoachana.

Njia ya asidi ni ya haraka. Unga hutiwa katika mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na asidi ya nitriki, na asidi huushambulia ukuta wa mrija penye ncha na penye kasoro, ikavunja wavu na kupachika vikundi vya atomu vinavyopenda maji. Mrija uliofanyiwa hivi huingia majini na kukaa. Hauhitaji msaidizi tena. Lakini umeme, uliokuwa ukipita katika wavu kama mtu apitaye katika njia iliyofagiliwa, sasa hukuta mashimo. Kadiri mrija unavyozidi kupendwa na maji, ndivyo unavyozidi kupoteza sifa zilizofanya utafutwe. Mtu angeweza kusema kwamba kilichoingia majini si kile kilichokuwa nje.

Njia ya polima ni nyingine. Polima ni molekuli ndefu kama shanga zilizotungwa katika uzi: wanga ni polima, pamba ni polima, plastiki nazo ni polima. Mwaka 2001 kundi la Richard Smalley, yeye aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996 pamoja na wenzake wawili kwa ugunduzi mwingine wa kaboni, lilieleza jinsi mirija ilivyoingizwa majini kwa kuvishwa polima. Mojawapo ilikuwa polivinilipirolidoni, ambayo huchanganywa na iodini kufanya ile dawa ya rangi ya kahawia ya kuoshea vidonda. Maji hayapatani na ukuta wa kaboni. Yakikutana nao hulazimika kujipanga kwa namna inayoyanyima uhuru. Uzi wa polima ukiuzunguka mrija, upande wake usiopenda maji huelekea kwa kaboni, na upande upendao maji hutazama nje. Polima hupoteza uhuru wake kidogo kwa kujiviringa, lakini maji hupata uhuru mkubwa zaidi, na hesabu ikifungwa faida huzidi hasara. Hakuna atomu ya mrija iliyovunjwa. Tena kiyeyushi kikibadilishwa, vazi huvuliwa, na mrija hutoka kama ulivyoingia.

Jambo hili ni jipya kwa jina lake, lakini ni kongwe kwa asili yake. Waandishi wa Misri ya kale walichukua masizi, ambayo ni kaboni, wakayasaga pamoja na maji na gundi ya mgunga. Bila gundi masizi huzama, wino ukawa maji machafu. Gundi huzunguka kila chembe ya masizi na kuizuia isimrukie mwenzake. Mwaka 2002 watafiti wa Israeli walichukua gundi hiyo hiyo ya mgunga, ambayo soko la dunia huipata kwa wingi kutoka Sudani, wakaitia kwa mirija ya kaboni, na mirija ikatawanyika mmoja mmoja. Mwandishi wa Firauni na mtafiti wa karne ya 21 walitegemea utomvu wa mti mmoja.

Mtu asomaye mpaka hapa huenda amekwisha toa hukumu: asidi ni dhuluma na polima ni wema. Hukumu hiyo imetoka mapema. Vazi nalo lina gharama, na asiyeitaja gharama hiyo anauza bidhaa.

Gharama ya kwanza ni kwamba mwenye kuvishwa hawi peke yake tena. Polima nyingi hazishiki milele. Zikioshwa mno, huondoka, na mirija hurudi katika matita yake. Msaada huu hauna siku ya kwisha. Gharama ya pili ni kwamba vazi husimama baina ya mrija na kila kitu kingine, pamoja na vile ambavyo mrija uliletwa ili uviguse. Katika betri za lithiamu za magari ya umeme, mirija ya kaboni huchanganywa katika rojo la kupakwa ili ipitishe umeme kati ya chembe na chembe. Polima ikipungua, mirija hufanya mabonge; ikizidi, mirija hutengwa hata isigusane, na umeme hukwama ndani ya mavazi. Aliyekuja kupatanisha amekuwa ukuta. Ya tatu ni nzito kuliko hizo. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba polima iitwayo polifluoreni, ikitumika katika tolueni, huchagua: huvisha mirija ya aina fulani zinazolingana na umbo lake, na nyingine huziacha zizame. Kwa mafundi wa elektroniki hiyo ilikuwa furaha kubwa, maana walitaka kuchambua. Lakini kwa mwenye kutafakari juu ya msaada ni onyo. Vazi lililoshonwa kwa kipimo kimoja huwafaa wenye kipimo hicho, na walioachwa chini ya chupa huonekana kana kwamba walikataa kuvaa.

Kuna na jambo la nne, ambalo si gharama ya vazi peke yake bali ya kutenga kokote. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh na wenzao walichapisha habari za panya waliotiwa mirija ya kuta nyingi katika uwazi wa tumbo. Mirija mirefu iliyonyooka ilileta madhara ya namna ile iletwayo na nyuzi za asbesto. Ile iliyosokotana katika mabonge haikuleta. Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka aina moja ya mirija hiyo katika orodha ya vitu vyenye uwezekano wa kuleta saratani kwa binadamu. Huko Marekani, taasisi ya serikali ya usalama kazini ilishauri mwaka 2013 kwamba hewa avutayo mfanyakazi isizidi mikrogramu 1 ya vumbi hilo katika mita moja ya ujazo. Ndani ya maji na ndani ya rojo mirija haipeperuki. Hatari kubwa iko mikononi mwa yule anayepima unga mkavu kabla haujalowa, naye kwa kawaida si yule ambaye jina lake hutangulia katika makala. Aliyetenga hana budi kujua kwamba kitu kilichofunguliwa ili kifae kimefunguliwa pia ili kidhuru.

Mrija hauna nafsi, na mtu anayo. Kipimo cha chupa hakiwezi kuchukuliwa kizima kizima mpaka nyumbani. Hata hivyo njia zile mbili zinaonekana huko pia. Lugha ya Kiswahili yenyewe imezifuata zote. Neno benki lilipoingia liliongezwa irabu ya kulifunga, na mwili wake ukabaki. Neno kitabu halikubahatika hivyo: sauti yake ya kwanza, iliyo moja ya nguzo tatu za mzizi wake katika Kiarabu, ilidhaniwa kuwa kiambishi, na leo watu husema vitabu bila kusikia kwamba mzizi umekatwa. Hapana aliyelilia. Neno halina mama wa kulilia, mtoto anaye.

Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi mambo yalivyokuwa katika shule za Kenya wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mtoto aliyesikika akisema Kigĩkũyũ karibu na shule alipigwa kiboko, au alivishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumdhihaki. Waliofanya hivyo walitaka aingie katika Kiingereza na kusimama humo kwa miguu yake. Nao, ni haki kusema, hawakushindwa: wengi waliingia, wakawa madaktari na mawakili, na hawakuhitaji mtu wa kuwasemea. Kinyume chao ni mzee aendaye hospitali kubwa akiwa na mkalimani. Lugha yake haijaguswa. Lakini kila maumivu yake hupita katika kinywa cha mtu mwingine. Siku mkalimani asipokuja, mzee huyo ni bubu, na siku mkalimani anapofupisha, ni ugonjwa wake uliofupishwa. Mtoto amepewa kovu na mzee amepewa vazi, na si kila siku mzee ndiye mwenye heri.

Tofauti iliyo kubwa haiko katika raha ya msaidiwa. Iko katika elimu ya msaidizi. Atiaye asidi hana budi kuwa na yakini kwamba anajua kitu hicho ni cha nini, na kwamba atakachokiondoa hakitahitajiwa kesho, maana kazi yake hairudishwi. Avishaye polima anaweza kuwa amekosea, na kosa lake likaoshwa. Anayelipa gharama ya pili, ile ya kuwapo siku zote na kuongeza na kupunguza, analipa kwa sababu hajui vya kutosha kustahili ile ya kwanza. Walimu wale wa vibao hawakujua Kigĩkũyũ kina nini ndani yake. Walikiondoa kabla ya kuuliza. Kama wangalikijua na bado wakakiondoa, swali lingalikuwa jingine, na baya zaidi.

Yamkini mtu atajibu kwamba hata kovu hupona. Ni kweli kwa kiasi. Mirija iliyochomwa na asidi ikipashwa moto mkali pasipo hewa, baadhi ya vikundi vilivyopachikwa hutoka na wavu hujirekebisha kidogo, ingawa haurudi mzima. Ngũgĩ naye alirudi: mwaka 1978, akiwa amefungwa katika gereza la Kamiti, aliandika riwaya kwa Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni. Lakini moto wa namna hiyo hauwezi kuandikwa katika mpango wa elimu kama dawa.

Iko kazi ambayo kovu huifaa. Wino wa masizi na gundi hukaa juu ya karatasi wala haiumi; katika vyuo vya Kurani vya Sudani mwanafunzi huandika aya zake kwa wino huo juu ya ubao, akiisha kuzihifadhi huosha ubao kwa maji na kuanza nyingine. Wino uoshekao haufai kwa hati ya deni wala kwa wosia. Kwa ajili ya hati hizo Ulaya ilitumia kwa karne nyingi wino mwingine, uliofanywa kwa chumvi ya chuma na uvimbe uotao juu ya mti wa mwaloni. Wino huo ni wa asidi, huuma karatasi na kuingia ndani yake, na mwenye hila hawezi kuufuta kwa maji. Johann Sebastian Bach aliandika muziki wake kwa wino huo. Hati zake nyingi ziko Berlin, na wahifadhi wa maktaba wamekuwa na kazi ngumu ya kuziokoa, kwa kuwa wino umeendelea kuuma miaka yote tangu mkono wake uliponyanyuka. Mahali ambapo alikaza kalamu, noti imekula karatasi na kuanguka, na pamebaki tundu.